Mali bila daftari

NDUGU msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili nawapeleka Hombolo.

Hombolo iko kama kilomita 40 kutoka mjini Dodoma. Wengi wanaijua kwa mambo mawili. La kwanza ni bwawa, lililojengwa miaka ya 1950, ambalo katika nchi ile kavu ya mtama, uwele na zabibu limewapatia watu kitoweo cha perege na kambale. La pili ni Chuo cha Serikali za Mitaa, kilichoundwa kwa Sheria ya Bunge namba 26 ya mwaka 1994. Hapo hufundishwa, pamoja na mambo mengine, uhasibu. Kijana huingia hajui tofauti ya ankara na stakabadhi, akatoka ameiva, tayari kwenda kushika vitabu vya hesabu vya halmashauri.

Nilipopita huko nilimkuta mama mmoja mtu mzima akikaanga samaki kando ya njia. Nikanunua wawili, tukazungumza.

"Biashara inalipa, mama?"

"Tunamshukuru Mungu, mwanangu. Inasukuma siku."

"Juma lililopita ulipata faida kiasi gani?"

Akacheka, akageuza samaki kikaangoni. "Faida nitaijuaje? Fedha inaingia, fedha inatoka. Ikibaki ya kununulia samaki wa kesho, nashukuru."

Jibu lile limenikaa moyoni. Mama yule ni hodari. Anaamka alfajiri, anajua kuchagua samaki, anajua mteja gani alipe kwanza na yupi aaminiwe. Lakini hajui kama kazi yake inamjenga au inamla. Na hayuko peke yake. Mijini kwetu, Dodoma, Dar es Salaam, Mwanza hata Tanga, vibanda vingapi hufunguliwa kwa shangwe mwezi wa kwanza, na kufikia mwezi wa sita mlango una kufuli, mwenyewe hajui fedha imekwenda wapi? Huanza kusingizia chuma ulete. Wazee walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari.

Basi leo tulifungue daftari hilo. Nitaeleza namna ya kuandika shughuli za biashara katika kitabu cha kwanza cha hesabu, kile ambacho wahasibu hukiita jarida. Si jarida la kusoma lenye picha na hadithi. Hili ni daftari la siku kwa siku, ambamo kila shughuli huandikwa kwa tarehe yake, kabla ya kupelekwa katika kitabu kikubwa kiitwacho leja.

NG'OMBE HAYEYUKI

Mambo haya si mageni duniani. Mwaka 1494, mtawa mmoja wa Italia aitwaye Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu. Hakuibuni njia hiyo. Aliwakuta wanaitumia, akaiandika. Alitaja vitabu vitatu: kitabu cha kumbukumbu za papo kwa papo, jarida, na leja. Huku kwetu pwani nako, wafanyabiashara wa Kigujarati waliokuwa Zanzibar walikuwa na vitabu vyao, na mpaka leo wengi wao hufungua vitabu vipya kwa ibada wakati wa sikukuu ya Diwali.

Msingi wa njia ya Venice ni huu: kila shughuli ina pande mbili. Kitu kikiingia mahali fulani, kimetoka mahali pengine. Kwa hiyo kila shughuli huandikwa mara mbili kwa kiasi kile kile.

Mfugaji wa Kigogo hahitaji kwenda Venice ili kulielewa hilo. Tangu zamani wafugaji hukabidhiana ng'ombe. Wa kwangu akakaa zizini kwako, nawe ukamtunza. Ng'ombe akitoka kwangu hakuyeyuka. Zizi langu limepungua mmoja, zizi lako limeongezeka mmoja, na wote wawili tunajua. Mzee akitaja tu kwamba ng'ombe wake mmoja ametoka, bila kusema amekwenda kwa nani, watu watamshangaa. Lakini sisi na shilingi zetu husema "fedha imetoka", tukanyamaza, na hakuna anayeshangaa.

Upande wa kushoto wa hesabu huitwa debiti, na wa kulia huitwa krediti. Maneno hayo yasikutishe. Wengine hudhani debiti maana yake ni deni au hasara, na krediti maana yake ni faida. La hasha. Kushoto ni kinachopokea, kulia ni kinachotoa. Basi.

Jambo la pili la kushika ni kwamba biashara na mwenye biashara ni watu wawili. Hata kama wewe ndiye unayekaanga, unayeuza na unayehesabu, biashara ichukulie kama mtu mwingine aliyekuajiri. Ukiipa fedha, inakuandika kwamba umeipa. Ukichukua fedha zake, inakuandika kwamba umechukua. Hapo ndipo wengi huteleza, na nitaparudia.

JUMA MOJA LA BIASHARA

Tumchukue mama wa mfano, muuza samaki wa kukaanga. Kiasi nitakachotaja ni cha mfano tu. Redioni niliwaomba mchukue kalamu. Hapa gazetini daftari lenyewe linaonekana.

Juni 1, mama anaanza biashara na shilingi 200,000 za akiba yake. Fedha imepokea, mwenye mali ndiye aliyetoa, na alichotoa huitwa mtaji.

Debiti: Fedha taslimu, sh. 200,000
Krediti: Mtaji, sh. 200,000

Juni 2, ananunua kikaango, jiko na ndoo kwa shilingi 40,000 taslimu. Vifaa vimeingia, fedha imetoka.

Debiti: Vifaa, sh. 40,000
Krediti: Fedha taslimu, sh. 40,000

Juni 3, ananunua samaki kwa wavuvi kwa shilingi 60,000 taslimu.

Debiti: Manunuzi, sh. 60,000
Krediti: Fedha taslimu, sh. 60,000

Kwa nini vifaa na samaki vimepewa majina mbalimbali? Kwa sababu samaki amenunuliwa ili auzwe, na kikaango kimenunuliwa ili kitumike muda mrefu. Anayevichanganya atadhani biashara imepata hasara siku ya pili tu, kumbe imepata chombo cha kazi.

Juni 4, anachukua mafuta ya kupikia dukani kwa mkopo, shilingi 15,000. Fedha haikuguswa, lakini shughuli imetendeka, kwa hiyo lazima iandikwe. Gharama ya mafuta imepokelewa. Aliyetoa ni mwenye duka, naye sasa ni mdai.

Debiti: Mafuta, sh. 15,000
Krediti: Mwenye duka, sh. 15,000

Juni 5, anauza samaki wa shilingi 70,000 taslimu. Siku hiyo hiyo mama lishe mmoja anachukua samaki wa shilingi 25,000, atalipa baadaye. Andika shughuli mbili, usizichanganye.

Debiti: Fedha taslimu, sh. 70,000
Krediti: Mauzo, sh. 70,000

Debiti: Mama lishe (mdaiwa), sh. 25,000
Krediti: Mauzo, sh. 25,000

Juni 6, analipa nauli ya kupeleka samaki mjini, shilingi 6,000. Jioni anachukua shilingi 20,000 katika kibweta cha biashara, ananunulia mtoto viatu vya shule.

Debiti: Nauli, sh. 6,000
Krediti: Fedha taslimu, sh. 6,000

Debiti: Matumizi ya mwenye mali, sh. 20,000
Krediti: Fedha taslimu, sh. 20,000

Juni 7, mama lishe anapunguza deni lake kwa shilingi 15,000. Angalia vizuri hapa: haya si mauzo mapya. Mauzo yaliandikwa siku samaki walipoondoka.

Debiti: Fedha taslimu, sh. 15,000
Krediti: Mama lishe (mdaiwa), sh. 15,000

Chini ya kila ingizo, andika maneno machache ya maelezo: "viatu vya mtoto", "mafuta, deni la duka la kona". Miezi mitatu baadaye kichwa kitakuwa kimesahau, maelezo hayatasahau.

Sasa jumlisha jarida lote. Kushoto ni 451,000. Kulia ni 451,000. Zikipishana, kuna mahali umekosea: umeandika upande mmoja ukasahau wa pili, au tarakimu imegeuka.

DAFTARI LINASEMAJE?

Kutoka katika jarida tunapeleka kila jina kwenye ukurasa wake katika leja. Ukurasa wa fedha unaonyesha kwamba zimeingia 285,000 na zimetoka 126,000. Zimebaki 159,000. Mama akifungua kibweta na kuhesabu noti, lazima akute hizo. Mama lishe bado anadaiwa 10,000. Mwenye duka anadai 15,000. Vifaa ni 40,000.

Tukipanga masalio yote, kushoto tunapata fedha 159,000, mdaiwa 10,000, vifaa 40,000, manunuzi 60,000, mafuta 15,000, nauli 6,000 na matumizi ya mwenye mali 20,000. Jumla ni 310,000. Kulia tunapata mtaji 200,000, mauzo 95,000 na mdai 15,000. Jumla ni 310,000. Huu huitwa urari: pande mbili zimelingana kama mizani iliyotulia.

Sasa tumwulize mama swali lile lile: juma hili umepata faida kiasi gani?

Asiye na daftari ana majibu mawili, na yote mawili ni ya uongo. Akitazama kibweta atasema, "Nilianza na 200,000, leo nina 159,000. Nimepata hasara ya 41,000." Atakata tamaa. Au atakumbuka samaki tu, aseme, "Nilinunua kwa 60,000, nimeuza kwa 95,000. Faida ni 35,000!" Atafurahi, na kesho atatumia fedha ambazo hana.

Daftari linasema hivi: samaki wote wamekwisha, mauzo ni 95,000. Toa manunuzi 60,000, toa mafuta 15,000, toa nauli 6,000. Faida ni shilingi 14,000, hata kabla hatujafikiria kwamba kikaango nacho kinachakaa kidogo kidogo. Si hasara, wala si 35,000.

Lakini daftari halijamaliza. Linamwambia jambo zito zaidi. Faida ya juma ni 14,000, naye amechukua 20,000 za viatu. Maana yake shilingi 6,000 zimetoka katika mtaji. Mtaji wake, uliokuwa 200,000, sasa ni 194,000. Unaweza kuhakikisha: fedha 159,000, vifaa 40,000 na mdaiwa 10,000 ni 209,000, toa deni la duka 15,000, zinabaki 194,000.

Je, mama amekosea kumnunulia mtoto viatu? Hata kidogo. Mtoto hawezi kwenda shule pekupeku kwa sababu ya mizania. Lakini akiendelea hivyo kila juma, shilingi 6,000 zitakuwa 12,000, kisha 18,000, na siku moja atafika kwa wavuvi akiwa hana fedha ya kutosha kujaza ndoo. Siku hiyo ndiyo watu husema kuna mkono wa mtu. Kumbe hakuna aliyeroga wala aliyeiba. Biashara imeliwa nyumbani, kijiko kwa kijiko, na hakuna aliyeona kwa sababu hakuna aliyeandika. Kwa daftari, angejua mapema: aongeze mauzo, apunguze gharama, au viatu vingoje juma la pili.

WINO, SI PENSELI

Yako masharti machache. Andika siku ile ile, usingoje Jumapili. Tumia wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, andika sahihi kando. Daftari lililofutwafutwa humtia mashaka hata mwenye daftari mwaminifu. Weka stakabadhi na ankara katika bahasha au kopo moja. Na kwa kuwa tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 wengi hulipana kwa simu, fedha iliyo kwenye simu iwe na ukurasa wake, mbali na fedha ya kibweta. Makato ya kutuma na kutoa nayo ni gharama, yaandike. Ujumbe wa simu ni ushahidi, lakini simu huibiwa, huanguka majini. Daftari likae nyumbani.

Wala nisikudanganye kwamba urari huponya kila kitu. Ukisahau kabisa kuandika shughuli, pande mbili zitalingana na bado hesabu itakuwa na pengo. Ukiandika viatu vya mtoto kwenye ukurasa wa nauli, pande zitalingana na bado utakuwa umejidanganya. Urari hushika kosa la kalamu. Kosa la moyo hushikwa na mwenye moyo.

Na mkiona karatasi ya benki imeandika fedha mliyoweka upande wa krediti, msidhani sheria imegeuka. Benki inaandika daftari lake, si lako. Katika daftari lake wewe ndiye uliyetoa, nawe ndiye unayeidai.

Ndugu msomaji, nalisema hili nikiwa nimeumia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana mtaani kwetu. Nilikuwa naandika kwenye vipande vya karatasi, vingine kwenye kiganja. Siku ya kikao, hesabu ilipungua shilingi 30,000. Nilisimama mbele ya majirani, mimi ninayezungumza redioni kila juma, sina la kusema. Hakuna aliyeniita mwizi kwa sauti, lakini macho yalisema. Nililipa kutoka mfukoni mwangu. Baada ya mwezi mmoja, nikakuta ndani ya kitabu risiti ya sanda tuliyonunua usiku wa msiba. Fedha haikuibwa, haikupotea. Ilikuwa imemsitiri marehemu. Lakini risiti ile ilichelewa kuliko aibu. Tangu hapo naamini kwamba daftari halikuwekwa kwa ajili ya wezi tu. Mwizi hupata njia hata daftari likiwepo. Anayelihitaji zaidi ni mwaminifu, maana bila daftari hana cha kuonyesha.

Yale ya chama chetu cha mtaa ndiyo ya nchi nzima, kwa ukubwa tu. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa, ikazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utaratibu huo ili uangaliwe upya, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimekwisha kutaja mara kwa mara mikopo isiyorejeshwa. Wako waliokula makusudi. Hao wana sheria yao. Lakini naamini wako pia wengi waliochukua mkopo kwa nia njema, wakauchanganya na fedha ya unga na ya matibabu, na siku ya marejesho wakabaki kutazamana. Kikundi kinachoandika jarida hujua, juma kwa juma, kama mkopo bado uko hai.

Na mfanyabiashara asiye na kumbukumbu, siku akija mkadiria kodi, atakubali kile atakachokadiriwa. Atabishana kwa kitu gani?

Narudi Hombolo. Pale kuna vijana waliofundwa kuandika debiti na krediti, na kuna mama anayekaanga samaki asiyejua kama anapanda au anashuka. Fedha za halmashauri ambazo vijana wale watakwenda kuzitunza, baadhi yake ni ushuru wa watu kama mama yule. Ningependa kijana mmoja, siku anapokwenda kununua samaki wake, akae naye saa moja, amchoree mistari katika daftari. Si lazima amwambie habari za Venice. Amwambie tu: mama, hapa kinachoingia, hapa kinachotoka, na huu ukurasa ni wa kile unachochukua kupeleka nyumbani.

Kama mama hajui kusoma, mtoto wake wa darasa la tano anajua. Mtoto aandike, mama aseme. Viatu alivyonunuliwa atakuwa amevilipia.

Nawe uliyenunua gazeti hili, mwenye genge, saluni, banda la kuchomea vyuma au bodaboda uliyomkabidhi kijana: jioni hii nunua kaunta buku moja na kalamu. Ukurasa wa kwanza andika tarehe ya leo, hesabu fedha uliyonayo kibwetani, na uandike mtaji wako. Na hiyo kaunta buku yenyewe ni gharama. Iandike.

Hadi juma lijalo, kwaherini.